Mraba wa Ukurasa wa Thelathini na Moja

Mashine ya Barabara ya Nasser ilipokohoa
nakala ya kwanza ya jarida letu, ingali moto
kama chapati ya Wandegeya, Ssebuufu mchapaji akaniita:
"Dada, ukurasa wa thelathini na moja picha imepotea.
Kuna mraba tu, mweupe. Nikuwekee ua?"

Sikumjibu upesi. Wino ulikuwa umempanda hadi masikioni.
Nyuma yake mabango ya kampeni yalianikwa kambani,
nyuso ishirini za mtu mmoja,
zote zinatabasamu.

Miaka miwili nimeiandama picha ile.
Unaijua. Usiniambie huijui.
Mwanamke, baiskeli imelala ubavu,
mihogo imetapakaa topeni, mdomo wake wazi,
na watu wakasema: anacheka.
Wakampachika maneno. Mshahara ukiingia tarehe tano.
Mshahara ukiisha tarehe sita.
Ilipokuja kodi ya mitandao, akafanywa mlipa kodi.
Mtandao ulipozimwa, alikuwa keshahifadhiwa simuni,
anapita mkono kwa mkono kama chumvi ya kuazima.
Nimemwona Owino kwenye fulana, saizi ya mtoto.

Nikahesabu. Mtafiti huhesabu kwanza
ndipo aone haya.
Matoleo elfu nne mia mbili na sita,
ya Kiganda, ya Kiacholi, ya Kinyankole,
ya Kiswahili cha kambi za jeshi;
nikayapanga kwenye jedwali, nikatoa asilimia,
nikatia tanbihi hamsini na tatu.
Hamsini na tatu, na jina lake halimo.

Basi la usiku likanishusha Arua alfajiri.
Siku tatu nikizunguka na simu mkononi kama mpelelezi
hadi Onzima, fundi wa simu nyuma ya soko,
akaitazama skrini, akaifuta kwa shati, akanyamaza.
"Huyu ni mama mkwe wa kaka yangu," akasema.
"Hapendi."

Alinipa kiti. Alinipa chai.
Akaendelea kupeta simsim, pumba zikiniangukia magotini.
"Sikuwa nacheka," akasema.
"Lori lilimpita mwanangu hivi," akaonyesha upana wa kiganja.
"Nilikuwa namwita."

Nikamweleza jarida ni nini. Nikasema uchambuzi,
nikasema heshima, nikasema muktadha,
neno ambalo kuku wa ua ule hawajawahi kulisikia,
nikatoa fomu ya idhini.
Akaigeuza, akaangalia mgongo wake,
kana kwamba maneno yenyewe yameandikwa huko.
"Wale walinichukua bila kuuliza.
Wewe unaniuliza ili unichukue.
Afadhali wewe. Lakini ni kuchukua."

"Acha mraba, Ssebuufu," nikasema. "Usiweke ua."
Akaguna. Kwake nafasi tupu ni hasara ya karatasi.

Zikatoka nakala mia tatu.
Wiki nzima nilijiona mtu mwema.
Kisha pale Makerere, katika chumba cha semina
chenye pangaboi moja bovu, kijana mmoja
akafungua ukurasa ule, akautazama mraba,
akaangua kicheko.
"Nimemwona," akasema. "Hata humu nimemwona!"
Chumba kizima kikacheka,
maana kila mmoja alimtoa kichwani mwake
akamweka pale, na baiskeli yake, na tope lake.
Nami pia nilimwona.
Sitasema kama midomo yangu ilibaki imefumba.

Na wewe unayesoma, angalia:
beti ya tatu tu, nimeshamwangusha tena mbele yako,
nimemwaga mihogo yake upya.
Sijui namna nyingine ya kusimulia. Nimetafuta.

Jina la mtoto, lile alilokuwa akiliita
siku mdomo wake ulipobaki wazi namna ile,
aliniambia nilipokuwa nasimama kuondoka.
Halimo kwenye jedwali.
Ssebuufu hajalipanga.
Nililisema mara moja, kwa sauti ndogo, ndani ya basi,
daraja la Pakwach likipita dirishani,
kisha nikafumba mdomo.